Foleni ya Mawe

Mawe yalikuwa ishirini na moja. Niliyahesabu kwa sababu wiki ile kazi yangu ilikuwa kuhesabu, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Yalipangwa mstari mmoja kuanzia kwenye bomba la kitongoji hadi karibu na njia ya ng'ombe. Moja lilikuwa jeusi la mviringo. Moja lilipakwa rangi ya bluu. Jingine lilifungwa kitambaa ambacho jua lilikuwa limekipausha hadi kikawa cheupe. Kati ya jiwe na jiwe majani yalikuwa yameota kufika magotini. Nilipolisogelea bomba lenyewe nikakuta nyigu wamejenga kwenye mdomo wake.

Ilikuwa saa nane mchana, mbele kidogo ya Kisorya, upande wa Bunda. Hapakuwa na upepo. Ziwa lilimeta chini kule kama bati jipya, na kutoka kwenye bomba lile hadi ziwani kulikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa vizuri, udongo wake bado una unyevu wa matone yaliyodondoka.

Mimi ni mtu wa upande wa Butiama. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na tangu hapo sijatulia. Nimeuza mitumba Kahama, nimelinda ghala Tabora, nimepakia dagaa Mwanza. Kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka, na kila niliporudi sikupapenda. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nimepanga chumba Bweri, pale Musoma, kwenye nyumba mpya ambayo ukutani bado inanukia simenti. Jirani yangu ndiye aliyeniambia kuwa wanatafutwa watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza wananchi kama huduma zinawatosha. Maji, zahanati, barabara, shule. Kazi ya siku kumi na nne.

Walitufundisha siku mbili Musoma mjini, wakatupa vishikwambi. Sheria kubwa ilikuwa moja: anayejibu ni mkuu wa kaya aliyeandikwa kwenye orodha ya kijiji. Kama hayupo, rudi. Asipokuwepo mara tatu, iache kaya hiyo. Mwisho wa maswali kulikuwa na neno la kuchagua: hairidhishi, inaridhisha, inaridhisha sana. Walituambia wazi kuwa vitongoji vitakavyosema hairidhishi ndivyo fundi atakavyoanza navyo. Vilivyoridhika vitangoja.

Nilianzia Nyegina, na Nyegina watu walinisema mpaka nikacheka. Mama mmoja alinishikilia mlangoni akanieleza habari za zahanati yao. "Ukivunjika mguu, panadoli. Ukitapika, panadoli. Mimi nikifa mniwekee panadoli mdomoni nizikwe nazo." Nilibonyeza hairidhishi kila nyumba, na nilikuwa najisikia vizuri, kwa sababu mtu akikasirika unajua yupo.

Kwenye kitongoji kile cha ziwani hakuna aliyekasirika.

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyenipokea. Mzee wa miaka sitini hivi, amevaa buti za mvua wakati wa kiangazi, mtu wa utani. Alinitazama miguuni akasema, "Hivi viatu vyako vimezunguka kuliko mwenye navyo," kisha akaniongoza. Nilimuuliza habari za yale mawe. Akasema ni foleni. Zamani watu walipochoka kusimama kwenye bomba, kila mji uliweka jiwe lake pale, wenyewe wakaenda shambani. Ukirudi unakuta jiwe lako linakushikia nafasi. Nikamuuliza mbona bado yapo. Akasema, "Ukilitoa, umepoteza nafasi."

Mji, kwa watu wa huko na kwetu pia, ni boma la mtu mmoja: nyumba yake, nyumba za watoto wake, zizi na uzio wa minyaa kuzunguka. Mji wa kwanza tulikaribishwa na mama mzee kidogo. Nilisoma jina la mkuu wa kaya kwenye orodha, nikauliza kama yupo.

"Yuko nyuma ya nyumba," alisema.

Nikaomba aitwe. Akasema hatokagi kwa wageni. Nimpe swali, yeye atampelekea. Nilifikiri mzee anaumwa, na wagonjwa wa namna hiyo nilikuwa nimewakuta wengi. Nikamwambia swali la kwanza, la maji. Akaenda nyuma, akakaa muda wa mtu kusikilizana na mtu, akarudi. Mzee anasema maji yanatoka kila siku, asubuhi na jioni. La zahanati: anasema nesi yupo, yule mrefu, ana roho nzuri. La barabara: anasema greda limepita juzi tu.

Nilikuwa nimeijia barabara hiyo kwa bodaboda asubuhi. Katikati yake kulikuwa na vichaka vinavyofika kifuani.

Mji wa pili, yuko nyuma ya nyumba. Wa tatu vilevile. Wa nne, mama mwenyewe alikwenda nyuma na kurudi mara sita bila kuchoka, na kila jibu lilikuwa zuri: maji kila siku, nesi mrefu, greda juzi. Sikusikia sauti ya mwanamume hata mara moja. Nilibonyeza inaridhisha sana, inaridhisha sana, na kidole changu kilikuwa kizito. Nilimtazama mwenyekiti. Yeye alikuwa anatazama ziwani.

"Andika wanavyosema," aliniambia.

Mji wa tano ulikuwa wa mwisho kwa siku ile, karibu kabisa na maji. Mama wa pale alikuwa mwembamba, ana kilemba cheusi kilichofifia. Alinipa kigoda, akaniletea michembe ya viazi vikavu na uji, akaniita mwanangu. Alipokwenda nyuma na swali langu la kwanza nilimsikia akilisema kwa lugha ya kwao, polepole, kama anamsomea mtu barua. Halafu kimya. Halafu yeye tena, akiitikia: ee, ee. Niliinuka nikazunguka kona ya nyumba.

Palikuwa na kaburi la simenti, limefagiwa. Kichwani mwake kiliwekwa kiti cha miguu mitatu kinachong'aa kwa kukaliwa miaka mingi. Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha upande mmoja, uso kwenye kile kiti. Hakustuka kuniona. Aliinua mkono tu, namna unavyomzuia mtoto asikatize mazungumzo ya wakubwa.

Nilirudi mbele. Mwenyekiti akanieleza pale uani, kwa sauti ya chini, kama vile ni mimi niliyechelewa kujua. Baba akifa, mji unabaki wake mpaka mtoto wake wa kwanza wa kiume arudi akalie kiti. Kabla ya hapo mji hauna mdomo mwingine. Na vijana wa kwanza wa kitongoji kile karibu wote wameondoka, wako machimboni, wako mijini, wengine hawajulikani walipo. Wake za marehemu hawadanganyi wanaposema yupo. Na aliyeandika orodha hakuuliza zaidi.

"Na kwako, mwenyekiti?"

"Hata kwangu anajibu baba," alisema. "Kaka yangu yuko Chunya tangu tuko vijana. Mimi na uenyekiti wangu wote, nyumbani bado ni mtoto."

Alitaka nicheke, nami nilijaribu. Mkononi nilikuwa na kishikwambi chenye nyumba nne zilizoridhika, na wote wanne walioridhika walikuwa chini ya simenti. Walikuwa wanasema kweli kabisa. Walikufa maji yakitoka. Walikufa nesi mrefu akiwepo, greda likiwa limepita juzi. Kwao hakuna kilichobadilika.

Mama alirudi. "Anasema maji yapo," aliniambia. "Na anasema kama bomba likisumbua siku moja moja, pale ziwani aliweka uzio wa miti mikubwa. Uko imara."

Wakati huohuo binti yake akapanda kutoka ziwani. Alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza kama desturi ilivyo, na mimba ilikuwa ya miezi saba. Kichwani alikuwa na ndoo, na mkononi fito ndefu iliyochubuka ncha. Alitua ndoo mwenyewe, polepole, huku ameshika kiuno. Nilimuuliza fito ni ya nini.

"Ya kupiga maji kabla sijainama," alisema. "Ndoo hii ni ya tatu. Mbili amechukua yeye."

Hakumtaja ni nani, na mama yake aligeuza uso. Kule mamba hatajwi jina na mtu anayekwenda kuchota. Nilimuuliza kuhusu uzio wa baba yake. Akasema umebaki mti mmoja, na ndege wanautulia. Ile ndoo ya pili ilichukuliwa ikiwa bado mkononi. Alinionyesha kiganja. Kilikuwa na mstari mwembamba wa mshikio uliopita kwa nguvu.

Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Nikibonyeza kama nilivyoambiwa, fundi hatakuja, na huyu ataendelea kushuka na fito yake asubuhi na jioni, kila siku akiwa mzito kuliko jana. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia kuwa sheria inaniruhusu kubadili jina la mkuu wa kaya kama aliyeandikwa ni marehemu, nikaandika lake yeye, akajibu yeye.

Alikataa kwa upole. "Mwanangu, nikisema langu na yeye akasema lake, hawa watoto watamsikiliza nani? Mimi nimekaa na yule mtu miaka thelathini. Sijawahi kumkatalia mbele ya mgeni."

Binti alikuwa amekaa juu ya kinu, anapumua. "Mama," alisema, "baba alikufa maji yakitoka. Atajuaje? Nenda kamuulize kitu kimoja tu. Muulize kama ananionaga nikishuka ziwani."

Mama alikaza kilemba chake. Kisha alikwenda nyuma.

Tulingoja. Kuku waliokuwa wakiparura uani walikuwa wamejibanza chini ya ghala, na hata nzi sikuwasikia. Nilisikia mama akiuliza. Nilisikia kimya kilichokuja baada ya swali, nikangoja ile ee, ee yake, haikuja. Akauliza tena. Mwenyekiti alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaiweka gotini. Jua lilihama kutoka kwenye kidole changu cha mguu hadi kisigino kabla mama hajatokea.

"Hajajibu," alisema. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayoijua akakuta patupu. "Tangu tumzike hajawahi kuninyamazia."

"Basi jibu wewe, mama," binti alisema.

Mama alikaa chini karibu na ndoo. Alinitajia jina lake, la ubatizo na la nyumbani, taratibu, kama anajaribu kiatu kipya. Halafu akasema, akitazama maji ndani ya ndoo na siyo mimi: "Maji hayatoki. Tangu mwaka wa pili wa kumzika hayajatoka hata tone. Nesi alihama. Binti yangu ataliwa. Andika hivyo."

Niliandika. Hapakuwa na mahali pa kuandika ataliwa, nikabonyeza hairidhishi.

Jioni ile ile, nikiwa Kisorya natafuta mahali pa kulala, msimamizi wangu alinipigia kutoka Bunda. Kijana msomi, mpole, mwenye haraka. Alikuwa ameona majibu yangu. Nyumba nne zinasema maji yapo kila siku, moja inasema hakuna kabisa, na zote zinatumia bomba moja; hiyo moja ni kosa la kuingiza, nilirekebishe. Nilimweleza habari za wazee. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema kesho saa kumi jioni mfumo unafungwa. Ama hizo nne zibadilike, ama hiyo moja itolewe.

Nilirudi asubuhi na bodaboda ya kwanza bila kujua nitawaambia nini wale wake wanne. Sikuwa na sababu ya kujihangaisha, kwa sababu waliniwahi. Yule mama mwembamba alikuwa amepita kwao jana yake kabla ya giza, akawaambia swali la kuuliza.

Niliwakuta kwenye bomba. Walikuwa wanawake watano na mwenyekiti, na kila mmoja amesimama kando ya jiwe lake kwenye yale majani marefu, wamenyooka mstari mmoja. Kwa mbali, kabla sijawatambua, niliona kama mawe yameinuka. Nilishuka kwenye pikipiki, dereva akasema ananingojea kule juu, akageuza.

"Nao wamenyamaza?" nilimuuliza mama wa mji wa kwanza.

"Wote," alisema. "Wangu nilimuuliza mara tatu. Akiwa hai hakunyamazagi hata akilala."

Hapo mmoja akacheka, na kicheko kikapita kwenye mstari hadi mwisho. Mwenyekiti alisema kwake baba hakunyamaza, alimtukana, lakini kwa kuwa ni matusi siyo jibu, atajibu mwenyewe. Wakamwambia asisingizie marehemu. Matusi yale ni yake. Nilikwenda jiwe kwa jiwe. Kila mmoja alitaja jina lake, na wawili walisita kabla ya kulitaja, kwa sababu miaka mingi waliitwa mama fulani tu. Maji hayatoki. Hayatoki. Hayatoki. Nilituma kabla ya saa nne.

Kutoka Bunda kurudi Musoma gari linapita Kiabakari, na pale ndipo unapoachia njia ya Butiama. Kwa miaka tisa nilipita pale nikiwa nimelala, au nikijifanya nimelala. Safari ile nilishuka.

Mama yangu alinikuta uani nimesimama. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula, kama yule kijana wa Bunda. Mji wetu uko chini ya mawe makubwa yaliyopandana, na nyuma ya nyumba kuna kaburi la baba, na kiti chake kilikuwa pale, kimefunikwa kipande cha turubai kisinyeshewe. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Sikuwepo alipozikwa, na sikurudi baadaye.

Nilimuuliza mama kama wamepita watu na vishikwambi kuuliza habari za huduma. Akasema wamepita wiki iliyopita.

"Ulijibu nini?"

"Mimi?" alisema. "Alijibu baba yako."

Sikumuuliza alisema nini. Kwenye ukuta wa jiko kulikuwa na madumu manne ya maji yaliyobebwa kutoka mbali, midomo imezibwa kwa magunzi. Nilikaa siku tatu. Siku ya tatu nilitoa turubai juu ya kiti, nikakitazama, nikalirudisha.

Miezi mitano baadaye nilirudi Kisorya. Nilijiambia nakwenda kuangalia kivuko cha Ukerewe, kwa sababu huwa napenda kuona watu wakiondoka, lakini nilikwenda moja kwa moja kule kitongojini. Fundi alikuwa amefika. Bomba lilipasuka chini ya njia ya ng'ombe, kazi ya asubuhi moja, na sasa maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Siyo kila siku kama wazee walivyosema, lakini yanatoka. Binti alikuwa amejifungua salama. Nilimwona amekaa kivulini ananyonyesha, na ile fito ilikuwa imepandwa kwenye uzio wa mji, imeanza kuchipua.

Ilikuwa Jumanne. Majani yalikuwa yamefyekwa na wanawake walikuwa kwenye foleni, wamesimama wenyewe, ndoo zao mbele. Mawe yao yalikuwa yametolewa, isipokuwa matano ya wale wazee walionyamaza. Nililitambua lile la bluu. Yule mama mwembamba alikuwa nyuma yake, akanisalimia kwa kichwa.

Foleni ilisogea, na kila iliposogea mtu mmoja aliyasukuma mawe yale mbele kwa mguu, kwa adabu, kama unavyomgusa mtu aliyesinzia. Jiwe la bluu likafika kwenye bomba. Hakuna aliyeweka ndoo. Mama alifungua maji, akayaacha yamwagike juu ya jiwe na chini kwenye simenti kwa muda ambao ndoo moja ingejaa. Wote walingoja. Hakuna aliyelalamika, na mtoto aliyetaka kukinga mikono alirudishwa nyuma. Maji yalipita kati ya miguu yetu yakaelekea ziwani.

Halafu akafunga. Akasikiliza kidogo, kichwa ameinamisha. Akaweka ndoo yake, akafungua tena.